Choo cha Mfano

"Vuteni taratibu," Inspekta alisema. "Si gunia la viazi hilo."

Askari wawili wa zimamoto walikaza kamba, miguu yao imejikita pande mbili za shimo. Kitu kilichokuwa chini kilijigonga ukutani, kikazunguka, kikapanda tena. Ukatangulia mkono. Kisha kikaja kichwa, cheupe chote, kama cha mpaka rangi aliyeangukiwa na ndoo yake mwenyewe.

"Mlazeni kwenye turubai. Uso juu."

Inspekta alichuchumaa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto, na wenzake kazini walimcheka kwa sababu hakuwahi kusema "huyu ndiye" kabla ya kusema "tuone". Alimulika tochi shimoni, akaizungusha ukutani.

Shimo lilikuwa safi. Matofali yake yalikuwa mapya. Chini hapakuwa na kitu ila mchanga, unga mweupe na sisimizi.

"Sajini, umewahi kuona choo kisafi hivi?"

"Hata jiko langu halijafika hapa, afande," Sajini akajibu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa ulimi, na alikuwa amefanya kazi na Inspekta kiasi cha kutomwogopa. "Ni choo cha mfano. Hakitumiki."

"Cha mfano wa nini?"

"Wa choo."

Hapo palikuwa chuo cha taifa cha maji na usafi. Kila mkoa ulipeleka hapo waendesha mitambo ya maji na maafisa wa afya wakajengewe uwezo. Katikati ya uwanja wa mafunzo kulikuwa na kisima chenye pampu ya mkono, tangi juu ya mnara, na choo hiki, kilichozungushiwa waya na kufungwa kufuli ili wanafunzi wasikichafue. Wanafunzi wenyewe, waliotoka mbali kuja kufundishwa kwamba taifa liache kujisaidia vichakani, walijisaidia kwenye kichaka nyuma ya bweni. Vyoo vya bweni vilikuwa vimeziba, na fundi wa kuvizibua alikuwa kwenye semina.

"Kwa hiyo hakijawahi kutumika kabisa?"

"Mara moja, afande. Leo asubuhi."

Mwanafunzi mmoja, mwendesha mtambo wa mji wa mbali, alikuwa ameamka na tumbo la kuhara. Kichaka kilikuwa mbali kuliko uwezo wake. Alivunja kufuli kwa jiwe, akaingia, akachuchumaa. Ndipo pua yake ilipomwambia kwamba choo ambacho hakijatumiwa hakipaswi kunuka. Akaona pia msafara wa sisimizi ukitoka kwenye tundu, kila mmoja kabeba chembe nyeupe. Alimulika kwa simu, akatoka mbio na suruali mkononi. Sasa alikuwa hospitali, ametundikiwa dripu. Tumbo lilikuwa halijakoma.

"Masikini," Sajini akasema. "Mtu wa kwanza kukitumia choo cha taifa, akakuta kuna mtu."

Inspekta hakucheka, lakini alimwangalia kwa shukrani.

Marehemu alijulikana. Wote walimwita Mzee Pampu. Alikuwa mwalimu wa vitendo, mtu wa maneno makali, na alikuwa hajaonekana tangu juzi. Fuvu lake lilikuwa limepasuka kisogoni. Mfuniko wa zege nyuma ya choo, ule wa kutolea uchafu ambao haukuwahi kuwapo, ulikuwa na michubuko mipya ya mtaimbo. Pale kisimani, mpini wa pampu ulikuwa umechomolewa na kurudishwa kinyume. Ulikuwa umeoshwa.

Inspekta alichota ule weupe kwa ncha ya kidole. Akausugua. Akaunusa. Akautia kidogo kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga.

"Hiki cheupe kisitajwe nje ya utepe huu wa polisi," alisema. "Si kwa mwandishi, si kwa Mkuu wa chuo, si kwa mama mzazi wa mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande. Ni nini?"

"Tuone."

Mkuu wa chuo alikuwa akisubiri nje ya utepe, suti yake imenyooka kuliko kauli yake.

"Inspekta, jambo hili litakwisha lini?"

"Ndiyo kwanza limeanza, mheshimiwa."

"Wageni wetu wanafika keshokutwa. Choo ndicho cha kwanza kwenye ratiba. Tutaweza kukitumia?"

"Kukitumia?"

"Kukionyesha, namaanisha."

Inspekta alimtazama kwa upole. "Mwalimu wako ameuawa, mheshimiwa."

"Ndiyo, ndiyo, Mungu amrehemu. Lakini muuaji si mnaye? Ufunguo wa ule uzio uko kwa mtu mmoja tu. Mtunza stoo."

Mtunza stoo aliitwa Funguo, kwa sababu alitembea na kishada cha funguo kiunoni na alisikika kabla ya kuonekana. Mkuu wa kituo cha polisi, aliyependa kesi fupi, alikuwa ameshamtia mahabusu kabla Inspekta hajanawa mikono. Asubuhi ya pili angefikishwa mahakamani kwa mauaji. Kwa kosa hilo, mtu hatoki kwa dhamana.

"Juzi jioni ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Nyumbani."

"Mkeo anasema hukuwapo."

"Basi nilikuwa njiani kwenda nyumbani."

"Njia gani hiyo iliyokuchukua mpaka wakati wa kulala?"

Funguo alipapasa kiuno, mahali palipozoea kishada.

"Uligombana na Mzee Pampu?"

"Nani hakugombana naye? Yule angegombana hata na kivuli chake, afande."

"Mligombania nini?"

Jasho lilimtiririka shingoni, na shati lake lilinuka kitu ambacho Inspekta alikikumbuka lakini hakuweza kukitaja. Kitu cha hospitali. Cha shuka.

"Ndugu yangu," Inspekta akasema, "unajua kesho asubuhi unapelekwa wapi?"

"Najua."

"Na bado huna la kusema?"

Funguo alitazama sakafu. "Mimi sikuua. Mengine niachie."

Nje, mke wake alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Alisimama Inspekta alipotoka.

"Baba, nisikilize. Mume wangu ni mwizi."

"Mama, si lazima uniambie hayo."

"Nakuambia kwa sababu ni kweli. Akiona msumari barabarani anaupeleka nyumbani. Lakini damu haiwezi. Kuku tukimchinja, nashika kisu mimi. Yeye anaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka aitwe kula. Mtu huyo atavunja kichwa cha mwenzake?"

"Hofu hubadilisha watu, mama."

"Hofu ingembadilisha, angekimbia. Yeye amekaa kama mzigo, anasubiri mbebaji. Kuna kitu anakificha, na anaona afadhali kamba kuliko kitu hicho. Mwanaume mjinga, baba, ni mzigo wa maisha."

Inspekta alimwahidi kwamba ataangalia. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

Mchana huo mkemia alipiga simu.

"Inspekta, unanitania?"

"Kwa nini?"

"Kielelezo chako. Nimekipima mara mbili. Ni unga wa ngano."

"Unga wa kupikia?"

"Wa maandazi. Umekaa siku nyingi, una wadudu. Nani amemwagia maiti unga?"

Inspekta alirudi chuoni na Sajini, wakafungua stoo. Nyuma ya rafu za mabomba kulikuwa na pipa la bluu lenye alama ya fuvu na mifupa. Ubavuni limeandikwa KLORINI, na chini yake: HATARI, VAA GLOVU NA KINYAGO. Mfuniko ulikuwa umekaa upande. Pipa lilikuwa nusu. Sisimizi walikuwa wakiingia na kutoka bila glovu wala kinyago.

Sajini alichungulia. Akazamisha kidole, akakiweka ulimini, akatema.

"Maandazi," akasema.

"Hili ndilo pipa wanalofundishia?"

"Ndilo hili, afande. Nimeona picha kwenye korido. Mratibu wa mafunzo amesimama nalo, wanafunzi wamevaa vinyago, wote wameogopa kabisa."

Inspekta alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipanga kitu kimoja juu ya kingine kama mtu ajengaye ukuta asiye na haraka.

Klorini ya kweli huwasha macho na pua. Mtu aliyewahi kuifungua hasahau. Nje, hatua chache tu kutoka kwenye choo, kulikuwa na magunia ya chokaa na pipa la majivu, wazi, bila kufuli. Hata mtoto wa kijijini anajua kwamba harufu ya choo huuliwa kwa majivu. Muuaji aliyapita yote hayo. Akaja mpaka kwenye pipa hili, akachota unga wa maandazi, akammwagia maiti ili asinuke.

"Sajini, turudi kwa Funguo."

Safari hii Inspekta hakuanza kwa swali. Aliweka sahani mezani, juu yake konzi ya unga.

Funguo aliuona, akafumba macho.

"Klorini halisi iko wapi?"

"Afande..."

"Shati lako linanuka shuka zilizofuliwa. Unamuuzia nani? Dobi?"

Machozi yalimtoka. "Dobi yule mwenye mashine kubwa. Juzi jioni nilikuwa kwake, nampelekea pipa. Muulize. Lakini nikikuambia hivyo, kazi imekwenda, kiinua mgongo kimekwenda, na watu watasema nilikula chuo."

"Ulikuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya kiinua mgongo?"

"Nilidhani mtamkamata muuaji mwenyewe, mimi mniache bila kujua ya pipa."

Sajini alitoa sauti ndogo puani. Inspekta alimwashiria anyamaze.

"Mzee Pampu alijua kwamba ni unga?"

"Aligundua juzi hiyo hiyo. Alionja. Alisema ataniumbua mbele ya wageni."

"Basi ulikuwa na sababu ya kumuua kuliko mtu yeyote."

Funguo aliinamisha kichwa. "Ndiyo, afande."

"Na ndicho kinachokuokoa," Inspekta akasema taratibu. "Wewe ulijua ni unga. Anayejua kwamba huu ni unga hawezi kuumwaga juu ya maiti kuzuia harufu. Aliyeumwaga aliamini ni klorini. Sasa niambie kitu kimoja. Juzi jioni, wakati wewe uko kwa dobi, kishada chako cha funguo kilikuwa wapi?"

Funguo alifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Kwa Mratibu. Alikiazima. Alisema anataka kufanya mazoezi ya onyesho la wageni. Asubuhi nilikikuta kwenye msumari wake."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema alikiazima aingie stoo, mngeingia stoo."

Mratibu wa mafunzo alikuwa na ofisi yenye zulia. Ukutani kulikuwa na picha zake katika miji mingi, zote akiwa amesimama mbele ya ukuta wenye maandishi. Mwezi uliofuata alikuwa aende nje, kuwa mshauri wa mataifa mengine juu ya namna ya kujenga uwezo. Tai yake ilikuwa na michoro ya matone ya maji.

"Karibuni. Ni pigo kwa sekta nzima," alisema. "Mzee alikuwa, tunaweza kusema, mtu wa vitendo."

"Ulimwona mara ya mwisho lini?" Inspekta aliuliza.

"Juzi mchana. Kwenye kikao."

"Si jioni?"

"Jioni nilikuwa hapa, naandaa mada."

"Kishada cha funguo ulikiazima cha nini?"

"Nilikagua uwanja mara moja, nikakirudisha. Nikauona uzio uko salama."

"Mzee hukumkuta?"

"Hapana."

Inspekta alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika. Akaanza kuinuka. Kisha akakaa tena.

"Kuna jambo moja linatusumbua, bwana Mratibu. Wewe ni mtaalamu, pengine utatusaidia. Marehemu alikuwa amemwagiwa unga wa ngano."

"Unga wa ngano?"

"Mwili mzima."

Mratibu alitabasamu, tabasamu la mwalimu aliyesikia jibu baya. "Hapana, Inspekta. Hapo mkemia wenu amekosea. Ile ni klorini. Pipa limeandikwa."

Sajini alifungua daftari.

"Pipa gani?" Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini.

Tabasamu lilibaki usoni pa Mratibu kwa kuwa halikuwa na pa kwenda.

"Sijataja pipa," Inspekta aliendelea. "Na kabla ya sasa hivi, hakuna mtu hapa chuoni aliyeambiwa kwamba marehemu alimwagiwa kitu chochote."

"Nilisikia... wanafunzi wanaongea."

"Mwanafunzi aliyeona alitueleza sisi tu. Yuko kwenye dripu, na tangu hapo hasemi ila 'maji'. Sajini."

Sajini alitoa kopo dogo lililoazimwa hospitali, akalifungua chini ya pua ya Mratibu.

Mratibu alirudi nyuma na kiti chake. Macho yalimjaa machozi, akakohoa, akaziba uso kwa ile tai ya matone. "Ondoa! Ni sumu gani hiyo?"

"Hii ndiyo klorini," Inspekta akasema. "Karibu."

Alifunika kopo mwenyewe, akafungua dirisha, akasubiri mpaka mtu yule apumue vizuri. Hakuwa na haraka, wala hakupandisha sauti.

"Unga hupatikana kwenye pindo za suruali za mtu yeyote aliyechota kwenye pipa lile bila kujikunguta. Sajini atazichukua suruali zako zote. Unaweza kusubiri majibu, au unaweza kuniambia mwenyewe."

Mratibu alitazama picha zake ukutani, moja baada ya nyingine, kama aombaye shahidi.

"Alinicheka," alisema mwishowe.

"Nani?"

"Mzee. Tulikuwa tunafanya mazoezi. Akasema mbele ya wageni tusionyeshe picha, kila mhitimu atibu ndoo moja ya maji. Nikamwambia hilo halimo kwenye ratiba. Akasema, 'Basi tibu wewe, baba. Ndoo hii hapa, pipa liko stoo.' Nikachota. Nikatia. Nikakoroga. Nikamwambia, 'Haya, maji salama.'"

"Halafu?"

"Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Ongeza sukari, baba, tunywe.' Nilimuuliza anacheka nini. Hakunijibu. Akainama kunawa uso kisimani, mabega bado yanatikisika kwa kicheko." Alinyoosha tai yake. "Mpini ulikuwa umelegea. Niliuchomoa tu. Alikuwa asimulie kwa kila mtu, Inspekta. Mimi nimefundisha somo hilo nusu ya maisha yangu."

"Na kumtupa pale?"

"Choo kile hakifunguliwi kamwe. Hata wageni hutazama kwa nje. Na kwa klorini ya kutosha..." Kitu kilianza kumfikia polepole, kutoka mbali. "Ilikuwa unga kweli?"

"Kweli."

"Ndicho alichokuwa anachekea?"

"Hicho tu."

Mratibu alifunika uso. Inspekta, ambaye alikuwa ameona wauaji wengi wakilia kwa ajili ya waliowaua, aliona wazi kwamba huyu hakuwa mmoja wao. Alikuwa analia kwa sababu kicheko kile kilikuwa cha haki.

"Mfunge pingu," alimwambia Sajini.

Walirudi kituoni jua likielekea kuzama. Mkuu wa chuo alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama utepe unaweza kuondolewa, na kama polisi wangeweza kuacha choo kikiwa safi kama walivyokikuta.

Funguo alitolewa mahabusu ili aandike maelezo ya wizi. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umeokolewa na unga," alimwambia. "Kama muuza maandazi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nitakusamehe ukitoka. Kwa sasa eleza vizuri, watu wana kazi."

Inspekta alikuwa karibu kufunga jalada alipokumbuka jambo. Alikuwa mtu wa kurudi nyuma kuangalia kama mlango umefungwa.

"Funguo, stoo yako hupokea mapipa ya chuo tu?"

"Hapana, afande. Yote ya taifa. Yanapitia kwangu, halafu yanasambazwa kwenye mitambo ya miji."

"Na hayo ya miji, uliyafanya nini?"

Funguo alikuna kidevu.

"Uliyauza pia?"

"Baadhi."

"Ukajaza unga?"

"La, la, afande! Mimi si mnyama. Unga ungewaletea uji kwenye tangi. Hayo nilijaza chokaa."

Sajini aliweka kalamu chini.

"Na waendesha mitambo hawakulalamika?" Inspekta aliuliza.

"Hata mmoja. Wote wamesomea hapo kwetu." Funguo alifikiri, kisha akaongeza, kama mtu anayetaka kusaidia: "Mmoja alipiga simu kushukuru. Alisema hii ya safari hii ni bora, haiwashi macho."

Inspekta alipiga simu hospitali. Muuguzi alimwambia kwamba mwanafunzi bado ni dhaifu, na kwamba hayuko peke yake tena. Wodi ilikuwa imejaa tangu mchana, watu wa mitaa mbalimbali, tumbo lile lile. Alipiga simu kwenye mtambo wa maji. Iliita mpaka ikakatika. Walikuwa wamefunga, wamekwenda nyumbani.

"Mtambo wa hapa mjini unaendeshwa na nani?" alimuuliza Sajini.

"Mhitimu, afande. Alikuwa wa kwanza darasani."

Inspekta aliitazama glasi ya maji iliyokuwa mezani kwake tangu asubuhi. Ilikuwa nusu. Aliisogeza mbali kwa kidole kimoja.

"Sema na bwana afya wa mji atangaze watu wachemshe maji, usiku huu huu. Mtambo tutauvunja kufuli alfajiri. Tukimaliza huo, tunahamia mji mwingine."

"Mpaka wapi, afande?"

"Mpaka mapipa yaishe."

Sajini alitoka. Inspekta akapiga simu nyumbani.

"Mama watoto, maji ya bomba yachemshe kwanza. Mtu asinywe hivi hivi."

"Kuna nini tena?"

"Nitakueleza nikija."

"Mbona unanitisha? Mchana kutwa tumekunywa sote. Mdogo ameomba hata ya pili, anasema ya siku hizi hayana ile harufu."

Inspekta aliitazama tena ile glasi, na nusu aliyokwisha kunywa.

"Basi," alisema, "chemsha ya kesho."